Namba Mbili, Ploti Moja: Mthamini Anapoikagua Kazi ya Mwenzake

Benki ikimwita mthamini wa pili kuipitia ripoti ya wa kwanza, jua mambo yameshaharibika mahali. Mkopo umesimama, au mwenye deni amekimbilia kortini na ripoti yake mwenyewe mkononi, au ofisa mpya wa mikopo amefungua faili akakuta nyumba ya vyumba vinne huko Kiamunyi imeandikiwa shilingi milioni 18 wakati yeye, mkazi wa mtaa huohuo, hawezi kuamini hata milioni 12. Barua ya kazi inayoandikwa hapo huwa fupi: tuambieni bei sahihi ni ngapi.

Hilo ni nusu ya swali. Mthamini anayelijibu jinsi lilivyoulizwa, akatoa namba ya tatu na kutuma ankara yake, ameiacha taaluma palepale ilipojikwaa. Ripoti ya kwanza inabeba maswali mawili yasiyofanana. Moja ni la thamani: je, namba inasimama? La pili ni la mwenendo: je, aliyetia sahihi aliifanya kazi anayosema aliifanya? Ripoti inaweza kushindwa la kwanza na kushinda la pili. Inaweza pia kuigonga bei kwa bahati huku mwandishi wake hajawahi kukanyaga ploti, na ripoti ya aina hii ndiyo inayotuponyoka kila siku, kwa sababu namba ikipendeza hakuna anayeuliza ilitoka wapi.

Viwango vya Kimataifa vya Uthamini, toleo lililoanza kutumika tarehe 31 Januari 2025, vinayatenga mambo haya: kuhakiki mchakato ni kazi moja, kuhakiki thamani ni kazi nyingine, na barua ya kazi lazima iseme ni ipi inayotakiwa. Wamarekani walijifunza kwa gharama kubwa. Vyama vyao vya akiba na mikopo vilianguka miaka ya 1980, sehemu ya lawama ikawaangukia wathamini waliokuwa wakiandika namba walizoombwa, na mwaka 1989 Bunge lao likapitisha sheria iliyovipa nguvu viwango vya taaluma, ikiwemo kanuni za kuhakiki ripoti ya mtu mwingine. Sisi tunayo Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, pamoja na Bodi ya Usajili wa Wathamini yenye uwezo wa kumwadhibu mthamini hadi kumfuta kwenye daftari. Tunayo pia ISK, chama cha kitaaluma cha masorovea na wathamini kilichopo tangu 1969. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni mhakiki aliye tayari kuandika alichokiona.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayefanya kazi hii Nakuru. Wathamini wanaohudumia mji, pamoja na Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo, wanajuana kwa majina na kwa magari. Walisoma darasa moja, wengine walifundishwa kazi na walewale wanaotakiwa kuwahakiki, na karibu wote wanagombea nafasi kwenye orodha za mabenki yaleyale na SACCO zilezile. Leo unaihakiki ripoti yake, mwezi ujao anaihakiki yako. Katika hali hiyo watu huangukia moja ya mashimo mawili. Kuna wanaofunika: wanarekebisha namba kimyakimya, wanaandika kwamba soko limebadilika, maisha yanaendelea. Kuna wanaokomoa: wanaitumia nafasi ya uhakiki kumchafua mshindani ili benki imwondoe kwenye orodha. Wa kwanza anajiona mstaarabu, wa pili anajiona mlinzi wa maadili, na wote wawili wameidanganya benki.

Tuanze na jambo linalowapotosha wengi, yaani tofauti ya namba. Tofauti yenyewe si kosa la kitaaluma. Mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Singer & Friedlander dhidi ya John D. Wood ya mwaka 1977, ilikubali kwamba mthamini makini anaweza kukosea kwa asilimia 10 juu au chini, na hata 15 pale mali inapokuwa ya ajabu. Mwaka 2010 mahakama ya hukohuko ikabana zaidi kwa nyumba za kawaida zinazofanana, ikataja asilimia 5. Hizo ni korti za nchi yenye daftari la bei zilizolipwa kweli, ambalo mwananchi yeyote anaweza kulisoma. Hapa kwetu watu wameokota asilimia 25 iliyo katika kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 wakaifanya rula ya kuwapimia wathamini. Kifungu hicho kinaihusu benki inayouza: ikiuza mali kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhani imevunja wajibu wake kwa mkopaji mpaka ithibitishe vinginevyo. Hakisemi kwamba mthamini aliyetofautiana na mwenzake kwa asilimia 24 yuko salama na wa 26 ana hatia.

Korti zetu zimekuwa na busara kuliko wengi wetu. Katika kesi ya Zum Zum Investment dhidi ya Habib Bank, mwaka 2014, Mahakama Kuu ilikataa wazo kwamba mkopaji anaweza kusimamisha mnada kwa kuleta tu ripoti nyingine yenye namba kubwa. Aonyeshe ubovu wa ile ya kwanza: kwamba aliyeifanya hana sifa, au alizingatia mambo yasiyohusika, au ripoti ni ya zamani na haisemi hali ya leo. Kanuni za Madalali za 1997 zenyewe zinataka bei ya chini ya mnada itokane na uthamini usiozidi miezi 12. Korti, kwa maneno mengine, ilishaligundua swali la pili. Mawakili wa Nakuru bado wanatuletea kazi za kutafuta namba kubwa, na sisi bado tunazipokea.

Kwa nini wathamini wawili waaminifu wanaweza kuachana mbali hivyo kwenye ploti moja? Kwa sababu ushahidi wa soko letu umepinda pande zote mbili. Ukienda kwa msajili wa ardhi, bei iliyoandikwa kwenye hati za uhamisho mara nyingi ni ndogo kuliko iliyolipwa, maana ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na kodi ya faida ya kuuza mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Muuzaji na mnunuzi wote wana sababu ya kuandika kidogo. Mthamini wa serikali hujaribu kuwarekebisha, lakini naye anakadiria tu. Ukiliacha daftari ukaenda kwa madalali wa ploti, unapata bei za kuombwa. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila bango kati ya Lanet na Ngata linaomba kana kwamba jiji zima litahamia hapo mwezi ujao. Mthamini mmoja anaegemea daftari, mwingine anaegemea mabango, na kila mmoja anaapa ana ushahidi.

Ndiyo maana mhakiki hana budi kuacha kuikodolea macho namba ya mwisho na kusoma njia iliyomfikisha mtu hapo. Ripoti inasema imetumia mauzo matatu ya kulinganisha. Ni mauzo kweli, au ni mabango matatu? Je, imesema wazi kwamba ni bei za kuombwa na kwamba zimepunguzwa kwa kiasi fulani, kwa sababu fulani? Ploti za kulinganisha ziko Section 58 na mali iko Free Area: marekebisho yako wapi? Mwandishi aliyesema wazi, hata kama hukubaliani naye, amefanya kazi yake. Mpinge kwa hoja, andika namba yako, na mambo yaishie hapo. Mwandishi aliyeyaita mabango "mauzo" amesema uongo, hata kama namba yake inakaribia yako.

Mambo yanayogusa kweli viwango ni ya aina ya pili. Ni mambo ya kweli na uongo, na kwa kawaida yanaweza kuthibitishwa kwa siku moja ya kazi.

Chukua ukaguzi wa mali. Ofisi iko Nairobi, mali iko Elburgon. Kijana anayejifunza kazi anatumwa na matatu, anapiga picha, anarudi. Ripoti inasema "tuliikagua mali" na chini yake kuna sahihi ya mthamini aliyesajiliwa ambaye siku hiyo hakutoka ofisini. Kumtuma kijana si dhambi. Kila mmoja wetu alitumwa. Dhambi ni kumficha. Msomaji wa ripoti ana haki ya kujua nani alisimama kwenye ploti, lini, na kama aliingia ndani ya nyumba au alichungulia langoni. Picha za simu hubeba tarehe na mahali. Mlinzi wa geti anakumbuka. Mhakiki akiuliza maswali haya kwa utulivu hupata majibu haraka kuliko anavyodhani.

Chukua hati. Bonde la Ufa la kati lina historia yake ya ardhi, na historia hiyo imo ndani ya kila faili la rehani. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa miaka ya 1960 na 1970 na kampuni na vyama vya kununua ardhi, Ngwataniro na Ndeffo miongoni mwao, na wanachama wakagawana kwa hisa. Mpaka leo kuna familia zinazokalia eneo kwa cheti cha hisa na namba ya kura, hatimiliki ikiwa haijatoka au ikiwa imetoka kwa jina la mtu mwingine. Kuna ploti zilizokatwa kwenye shamba la kilimo bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na nyingine ambazo barabara yake ipo kwenye mchoro wa muuzaji pekee. Ripoti inayothamini mali hizo kana kwamba zina hati safi, bila kueleza kilichoonekana na kisichoonekana, si suala la tofauti ya maoni tu. Imeacha jambo ambalo benki isingetoa mkopo ikilijua.

Nchi nzima iliona kesi ya Ruaraka jijini Nairobi: Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliidhinisha fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3.2 kwa eka 13.5 ambazo juu yake kulikuwa na shule mbili za umma. Bilioni 1.5 zilishalipwa, na mwaka 2019 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasema ardhi ile tayari ilikuwa ya umma. Watu walibishana sana kuhusu bei ya eka. Lakini mhakiki yeyote wa faili lile, kabla ya kugusa bei ya eka, angepaswa kuuliza kinachothaminiwa ni mali ya nani.

Kisha chukua maji, ambayo kwa eneo letu nayaweka juu ya yote. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru lilitoka kwenye kingo zake za zamani, likalifikia lango kuu la hifadhi, likaingia kwenye makazi ya Mwariki na Barut. Ziwa Naivasha liliufurika mtaa wa Kihoto mwaka 2020 na likarudi tena 2025. Serikali yenyewe ilitoa ripoti kuhusu maziwa haya mwaka 2021, ikishirikiana na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo hakuna mthamini wa Nakuru anayeweza kusema hakuwa na habari. Hata hivyo bado kunapatikana ripoti za ploti zilizo hatua chache kutoka majini ambazo sehemu ya mazingira imenakiliwa kutoka ripoti ya Milimani: barabara ya lami, umeme, maji ya bomba, mandhari tulivu. Neno "ziwa" likitajwa, limetajwa kama sifa. Ongeza nyufa za ardhi zilizoikata barabara ya Mai Mahiu hadi Narok Machi 2018, na bwawa la Solai lililopasuka tarehe 9 Mei mwaka huohuo na kuua zaidi ya watu 40. Utaona kwamba katika eneo hili sehemu ya ripoti inayoeleza hatari za mahali ndiyo inayomwambia mkopeshaji kama dhamana yake itakuwa bado ipo mkopo utakapoisha. Mthamini anayeinakili kutoka faili jingine hajakosea hesabu. Ameacha kufanya kazi.

Hapa lazima nimtetee mthamini wa kwanza, kwa sababu wahakiki wengi wana ugonjwa wa kujua yaliyotokea baadaye. Tuseme hosteli za wanafunzi huko Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, zilithaminiwa Februari 2020 kwa kufuata kodi na idadi ya vyumba vilivyojaa. Machi ile korona ikaingia, vyuo vikafungwa, hosteli zikabaki na paka. Mwaka mmoja baadaye mkopo umeanguka na mhakiki anaandika kwamba mwenzake alipuuza hatari. Hatari ipi aliyoweza kuiona Februari? Kuhakiki ni kukaa mahali alipokaa yeye, tarehe ileile, na ushahidi uleule uliokuwa mezani au ambao ungepatikana kwa juhudi ya kawaida. Tarehe ya uthamini ndiyo mpaka. Kinachovuka mpaka huo kinaweza kuingia kwenye uthamini wako mpya, lakini hakiwezi kuwa hati ya mashtaka. Hali kadhalika Mai Mahiu: reli ya kisasa ilipofunguliwa hadi huko Oktoba 2019, ardhi iliyozunguka ilitajwa kwa bei za matumaini ya bandari ya nchi kavu. Mthamini aliyeandika bei hizo wakati ule na kusema wazi zimesimama juu ya mradi unaotarajiwa hana hatia ya matumaini ya nchi nzima. Asiyesema, huyo ana swali la kujibu.

Sasa umepata jambo la aina ya pili. Unafanya nini?

Wakali wa taaluma husema: peleka Bodi mara moja. Sikubaliani nao. Kabla ya Bodi kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka, na ndiyo inayotenganisha uhakiki na uvumi: muulize mwandishi. Ila humuulizi kwa kumpigia simu jioni ukiwa njiani kurudi nyumbani. Ripoti uliyo nayo ni ya mteja, yaliyomo ni siri yake, na kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina taarifa za mkopaji ambazo huna ruhusa ya kuzigawa ovyo. Unaiandikia benki kwanza: nina maswali manne kuhusu ripoti hii, naomba idhini ya kuyapeleka kwa mwandishi. Ukipata idhini, yapeleke kwa maandishi, maswali tu, bila kivumishi hata kimoja. Ni nani aliyekagua, tarehe ngapi? Mauzo namba mbili yametoka wapi? Upekuzi wa hati ulifanywa lini? Ulikuwa na taarifa kuhusu mstari wa maji? Mpe muda wa kutosha.

Majibu hushangaza. Mara nyingine anatoa shajara ya ukaguzi, barua ya benki iliyombana asiingie ndani ya nyumba, na mkataba wa mauzo ambao hukuwa umeuona, na wewe ndiye unayebadilisha ripoti yako. Mara nyingine anakiri ukurasa ulinakiliwa kimakosa, anatoa ripoti iliyosahihishwa na kumjulisha kila aliyeipokea ya kwanza. Hilo ni kosa lililorekebishwa, na mimi sioni faida ya kumburuta mtu mbele ya Bodi kwa kosa alilolikiri na kulirekebisha, isipokuwa limekuwa tabia. Na mara nyingine hajibu, au anajibu kwa kukuuliza ulilipwa na nani.

Hapo ndipo pa kuandika. Andika ulichokiona, si unachokidhani. "Picha ya tatu katika ripoti haionyeshi mali hii" ni sentensi inayosimama kortini. "Mwandishi ni mzembe" haisimami, na inaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa wa kuchafua jina. Neno "udanganyifu" libaki midomoni mwa Bodi na mahakama. Kazi yako ni kuweka picha mbili pembeni kwa pembeni. Na kama jambo ni uongo wa makusudi, kama ukaguzi haukufanyika na ripoti inasema ulifanyika, kama hati ya hisa imeandikwa hatimiliki, kama namba imefuata alichoomba mteja na barua ipo, basi malalamiko kwa Bodi ni wajibu, hata kama uliwahi kula naye nyama choma Gilgil. Mhakiki anayeyajua haya na kuyafukia chini ya namba mpya ameiweka sahihi yake pembeni ya ile ya kwanza.

Kuna mahali pengine ambapo malalamiko hupelekwa siku hizi: kundi la WhatsApp la wathamini. Ukurasa wa ripoti unapigwa picha, jina linafichwa kwa kidole, na ndani ya dakika tano watu 200 wanacheka. Barua yako kwa Bodi, ikiandikwa kwa nia njema, sheria inailinda. Kundi la WhatsApp halilindwi na lolote. Aidha, mteja wa ripoti ile hakumpa ruhusa yeyote, na mwandishi hajapata nafasi ya kujitetea. Sijaona mtu aliyepona kitaaluma kwa kuchekwa.

Na mhakiki mwenyewe? Nyani haoni kundule. Kabla ya kuipokea kazi, aeleze kwa maandishi kama anagombea nafasi kwenye orodha ya benki ileile, kama aliwahi kumfanyia kazi mkopaji, kama ana ugomvi na mwandishi. Katika eneo dogo kama letu majibu ya maswali haya mara nyingi yatakuwa "ndiyo", na si lazima yamzuie, yanamzuia akiyaficha. Kitu kimoja tu nakiona hakina tiba, nacho ni malipo ya mafanikio.

Malipo hayo yanakuja kwetu kwa kasi. Novemba 2025 Rais alizindua upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Naivasha, Gilgil, jiji la Nakuru na Salgaa, na mkondo wake wa Mai Mahiu. Panapotwaliwa ardhi, Katiba inadai fidia ya haki, na kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 ya bei ya soko kwa ajili ya usumbufu. Wathamini wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi watatoa namba, wenye ardhi watakataa, na wathamini binafsi wataitwa kuhakiki kazi ya wenzao wa serikali ili kesi zifike mbele ya Mahakama Maalumu ya Utwaaji wa Ardhi iliyoanzishwa na marekebisho ya sheria ya 2019. Ni kazi halali, na mwenye ploti anastahili mtu wa upande wake. Lakini tayari zinasikika ofa za aina hii: usilipe sasa, nitachukua asilimia kumi ya nyongeza nitakayokupatia. Mtu anayelipwa kwa ukubwa wa namba hawezi tena kuitwa mhakiki. Ni wakala. Akitaka kuwa wakala, na awe, lakini asisimame mbele ya mahakama na muhuri wa mthamini akisema ana maoni huru. Mwanasheria wa upande wa pili atamuuliza swali moja tu kuhusu ada yake, na mwenye ardhi atakuwa amepoteza kesi ambayo pengine alikuwa na haki nayo.

Viwango havibadiliki pia kwa sababu unayemhakiki ni mtumishi wa serikali. Naye alikagua au hakukagua. Naye ana mauzo ya kulinganisha au hana. Kumwandikia maswali kupitia Tume ni haki ileile tunayodaiana sisi kwa sisi, na kumwita mwizi kwenye mkutano wa chifu hakuongezi shilingi kwenye fidia ya mtu.

Yote haya yanaanzia kwenye barua ya kazi, na barua hiyo haiandikwi na mthamini. Kwa hiyo ombi langu ni kwa mameneja wa mikopo wa mabenki na SACCO za Nakuru, Naivasha na Molo, na kwa mawakili wanaotutuma. Mkituita kuhakiki ripoti, msituulize bei peke yake. Semeni kama mnataka mchakato, thamani au vyote viwili. Tupeni ripoti nzima pamoja na barua iliyomtuma mthamini wa kwanza, kwa sababu mara nyingi kasoro mnayomlaumu nayo mliiagiza ninyi wenyewe mlipotaka ripoti kesho asubuhi bila kulipia safari. Na ongezeni mstari mmoja unaoturuhusu kumwandikia mwenzetu maswali na kupokea majibu yake. Mstari huo hauongezi gharama yoyote.